Mtoto Ambaye Hakulia: Jinsi Vifo vya Watoto Tumboni Vinavyoandikwa katika Takwimu za Afya za Shinyanga na Geita

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna vifo vya watoto wanaofia tumboni na wanaozaliwa wafu vinavyoingia katika takwimu za afya ya umma nchini Tanzania, kwa kurejelea Mkoa wa Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita. Hoja ya msingi ni kwamba takwimu hizo ni zao la maamuzi manne yanayofuatana: iwapo kilichotoka ni mtoto au ni mimba iliyoharibika, iwapo mtoto alizaliwa hai au mfu, iwapo alifariki kabla ya uchungu au wakati wa uchungu, na kifo chake kihesabiwe wapi. Kila uamuzi hufanywa kwa lugha fulani, kwa kifaa fulani na chini ya shinikizo fulani. Makala yanaonyesha jinsi kosa dogo katika uamuzi mmoja linavyoweza kubadili hitimisho kuhusu hali ya afya ya mkoa mzima, na kwa nini kosa hilo lina uzito wa pekee mahali ambapo wajawazito wanaishi karibu na zebaki.

1.0 Utangulizi

Kwa makadirio ya mashirika ya Umoja wa Mataifa, watoto wapatao milioni 1.9 walizaliwa wafu duniani mwaka 2021. Makadirio yaliyotangulia, yaliyotolewa mwaka 2020, yalionyesha kuwa zaidi ya asilimia 40 ya vifo vya aina hiyo hutokea wakati mama akiwa katika uchungu, yaani katika saa ambazo huduma ya ukunga ingeweza kumwokoa mtoto. Hata hivyo, Malengo ya Maendeleo ya Milenia hayakuwataja watoto hao. Malengo ya Maendeleo Endelevu nayo, katika shabaha ya 3.2, yanataja vifo vya watoto wachanga na vya walio chini ya miaka mitano, lakini hayataji waliozaliwa wafu. Shabaha inayowahusu ilipatikana nje ya malengo hayo, katika Mpango wa Kimataifa wa Kuokoa Watoto Wachanga wa mwaka 2014, unaozitaka nchi zote zifikie watoto wafu 12 au pungufu kwa kila vizazi 1,000 ifikapo mwaka 2030.

Shabaha inapowekwa, swali la kwanza la mtafiti linapaswa kuwa: tunahesabu nini? Katika Kiswahili cha kila siku swali hili halina jibu moja. Mwanamke wa Kahama au wa Katoro aliyepoteza ujauzito wa miezi miwili na yule aliyepoteza ujauzito wa miezi minane wanaweza wote kusema “mimba iliharibika” au “mimba ilitoka”. Kwa upande mwingine, mtoto aliyetimiza miezi tisa akazaliwa bila uhai huelezwa kwa maneno kama “hakulia”. Lugha ya takwimu huyapanga matukio haya katika visanduku tofauti. Makala haya yanafuata safari ya tukio moja kutoka katika maneno ya mama hadi katika kisanduku cha takwimu.

2.0 Njia ya taarifa: kutoka chumba cha kujifungulia hadi wizarani

Tanzania ina vyanzo vitatu vikuu vinavyoweza kueleza idadi ya watoto wafu. Cha kwanza ni Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, maarufu kwa jina la MTUHA. Katika mfumo huu, mkunga huandika kila uzazi katika rejesta ya wodi ya wazazi, ambayo ni Kitabu namba 12. Mwisho wa mwezi mistari ya rejesta hujumlishwa katika fomu ya taarifa, na jumla hiyo huingizwa katika mfumo wa kielektroniki wa DHIS2. Jambo la kuzingatia ni kwamba kinachopanda ngazi ni jumla. Umri wa mama, kijiji alichotoka na saa aliyopokelewa hubaki katika kitabu kule kituoni. Wilaya na taifa huona tarakimu tu.

Chanzo cha pili ni tafiti za kaya, hususani Utafiti wa Hali ya Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria. Hapa chanzo cha taarifa ni kumbukumbu ya mama. Utafiti huu una faida ya kuwafikia hata waliojifungulia nyumbani, kundi ambalo MTUHA hauwaoni. Kundi hilo limekuwa likipungua: utafiti wa 2015–16 ulionyesha kuwa asilimia 63 ya vizazi nchini vilifanyika katika vituo vya afya, na ule wa 2022 ulionyesha asilimia 81.

Chanzo cha tatu ni usajili wa vizazi na vifo unaosimamiwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA). Mpango wa kuwasajili watoto wa chini ya miaka mitano, unaotoa vyeti kupitia vituo vya tiba na ofisi za kata, umefika Shinyanga na Geita na umewasogezea wazazi wengi huduma hiyo. Lakini mpango huo umejengwa kwa ajili ya mtoto aliye hai. Mama anayetoka wodini mikono mitupu hana karatasi anayoifuata katika ofisi ya kata. Kwa hiyo, mara nyingi mstari mmoja katika Kitabu namba 12 ndio ushahidi pekee wa maandishi kwamba mtoto huyo alikuwapo. Mstari huo ukikosewa, hakuna waraka wa pili wa kuusahihisha.

3.0 Uamuzi wa kwanza: mimba au mtoto?

Kwa ulinganisho wa kimataifa, Shirika la Afya Duniani humhesabu mtoto mfu kuwa yule aliyezaliwa bila dalili ya uhai baada ya wiki 28 za ujauzito au zaidi. Umri usipojulikana, uzito wa gramu 1,000 hutumika kama kigezo mbadala. Uainishaji wa magonjwa wa kimataifa unatambua pia vifo vya mapema zaidi, kuanzia wiki 22 au gramu 500, lakini ulinganisho wa nchi kwa nchi hutumia wiki 28. Kifo cha kabla ya mpaka huo huhesabiwa kuwa ni mimba iliyoharibika.

Mpaka huu ni wazi katika kitabu na hafifu katika zahanati. Wiki 28 ni siku 196, sawa na takribani miezi sita na nusu ya kalenda. Mama anayesema “miezi saba” anaweza kuwa amehesabu tangu hedhi ya mwisho, tangu alipogundua kuwa hakuona siku zake, au kwa wiki nne nne kama kliniki inavyohesabu. Tofauti ya njia hizo inaweza kufika wiki kadhaa, na wiki hizo zinatosha kumvusha mtoto mpaka au kumrudisha nyuma ya mpaka. Kipimo cha picha ya mawimbi ya sauti katika miezi ya mwanzo kingepunguza utata huu, ila kinamfaa tu aliyehudhuria kliniki mapema na mahali penye kifaa hicho.

Pale umri unaposhindikana, mkunga hutegemea mizani. Hapa pana mtego ambao hauzungumzwi vya kutosha. Umri na uzito haviendi sambamba kwa kila mtoto. Mtoto aliyedumaa tumboni anaweza kuwa na wiki 30 na bado asifike gramu 1,000. Malaria wakati wa ujauzito ni miongoni mwa sababu zinazofahamika za udumavu huo, na Utafiti wa Viashiria vya UKIMWI na Malaria wa 2011–12 uliiweka Geita katika nafasi ya kwanza nchini kwa maambukizi ya malaria kwa watoto wadogo, karibu mtoto mmoja kati ya watatu. Kwa hiyo, kigezo cha uzito kinaweza kuwaondoa kwenye hesabu watoto walioathiriwa zaidi na mazingira ya mahali hapo. Kadiri madhara yanavyokuwa makubwa, ndivyo uwezekano wa kutohesabiwa unavyoongezeka.

Tafiti za kaya nazo hukutana na mpaka huu kwa sura nyingine. Utafiti wa EN-INDEPTH, uliofanyika katika maeneo matano likiwamo la Iganga na Mayuge nchini Uganda, ulilinganisha njia mbili za kumhoji mama: kumwuliza juu ya watoto aliowazaa hai kisha kumwuliza juu ya mimba zilizopotea, au kumwuliza juu ya kila ujauzito kwa mfuatano. Njia ya pili ilipata kiwango cha watoto wafu kilichozidi cha njia ya kwanza kwa takribani asilimia 21. Wanawake walioulizwa kwa njia hizo mbili walitoka katika jamii zilezile. Kilichotofautiana ni mpangilio wa maswali.

4.0 Uamuzi wa pili: hai au mfu?

Katika mazungumzo ya kawaida, kilio ndicho kipimo cha uhai. Katika takwimu sivyo. Mtoto amezaliwa hai ikiwa, baada ya kutoka kwa mama, anapumua au anaonyesha dalili nyingine yoyote: moyo unapiga, kitovu kinapwita au misuli inajongea kwa hiari. Mtoto ambaye hakulia wala kupumua, lakini moyo wake ulipiga kwa dakika mbili, alizaliwa hai kisha akafariki. Mahali pake katika takwimu ni pamoja na vifo vya watoto wachanga.

Kutofautisha hali hizo mbili usiku, katika chumba chenye mkunga mmoja na mama anayevuja damu, si jambo jepesi. Ushahidi kwamba makosa hutokea ulipatikana hapa nchini. Mafunzo ya kumsaidia mtoto kupumua yalipotolewa katika hospitali nane za Tanzania, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kuwa vifo vya watoto wachanga ndani ya saa 24 vilipungua kwa asilimia 47, na watoto wafu ambao ngozi yao ilikuwa haijachubuka walipungua kwa asilimia 24. Kumpa hewa mtoto hakuwezi kumfufua aliyekwisha kufa tumboni. Maelezo yanayokubalika ni kwamba sehemu ya watoto waliokuwa wakiandikwa wafu walikuwa hai, ila hawakupumua.

Athari ya kosa hili inaonekana vyema kwa mfano wa kubuni. Tuchukue kituo chenye vizazi 1,000 kwa mwaka. Rejesta inaonyesha watoto wafu 30 na vifo 10 vya watoto wachanga. Kiwango cha watoto wafu ni 30 kwa vizazi 1,000. Kiwango cha vifo vya watoto wachanga ni 10 kati ya 970 waliozaliwa hai, yaani 10.3 kwa 1,000. Sasa tuseme 10 kati ya wale 30 walikuwa na mapigo ya moyo walipozaliwa. Baada ya kusahihisha, watoto wafu ni 20, na vifo vya watoto wachanga ni 20 kati ya 980, yaani 20.4 kwa 1,000. Shabaha ya 3.2 inataka vifo vya watoto wachanga visizidi 12 kwa kila 1,000 waliozaliwa hai. Katika hesabu ya kwanza kituo kimefikia shabaha. Katika ya pili kiko mbali nayo. Makaburi ni 40 katika hesabu zote mbili.

Ndiyo maana watafiti waangalifu hupendelea kuviangalia vifo hivyo kwa pamoja. Mradi wa Safer Births, ulioongozwa na Hospitali ya Kilutheri ya Haydom na kufanyika katika vituo 30 vya mikoa mitano, ikiwamo Shinyanga na Geita, ulipima kwa jumla vifo vya watoto vilivyotokea wakati wa uchungu na vile vya saa 24 za kwanza. Vifo hivyo vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila vizazi 1,000. Kipimo cha namna hiyo hakiyumbishwi na mkono ulioandika “mfu” mahali pa “hai”.

5.0 Uamuzi wa tatu: kabla ya uchungu au wakati wa uchungu?

Rejesta hutofautisha watoto wafu wa aina mbili kwa vifupisho vilivyotokana na Kiingereza: MSB, yaani aliyefia tumboni muda mrefu hata ngozi ikaanza kuchubuka, na FSB, yaani aliyefariki karibuni na ambaye ngozi yake bado ni nzima. Kwa kawaida ya kwanza huchukuliwa kuwa alama ya kifo cha kabla ya uchungu, na ya pili alama ya kifo cha wakati wa uchungu. Tofauti hii ni ya kisera. MSB wakiwa wengi, wasimamizi huelekeza macho kliniki ya wajawazito: kaswende, malaria, shinikizo la damu. FSB wakiwa wengi, macho huelekezwa chumba cha kujifungulia.

Umuhimu wa upande wa kliniki ulidhihirishwa katika ukanda huu. Utafiti uliofanyika mkoani Mwanza, wakati Geita ikiwa bado wilaya ya mkoa huo, na kuchapishwa mwaka 2002, uligundua kuwa miongoni mwa wanawake ambao hawakuwa wamepimwa na kutibiwa kaswende, asilimia 51 ya watoto wafu walihusishwa na ugonjwa huo. Kati ya wanawake wenye maambukizi makali, mmoja kati ya wanne alizaa mtoto mfu. Kati ya wasio na maambukizi, alikuwa mmoja kati ya mia. Ugonjwa huo hupimwa kwa tone la damu na kutibiwa kwa sindano ya penisilini.

Hata hivyo, ngozi ni saa isiyoaminika. Kuchubuka huanza kuonekana takribani saa 6 hadi 12 baada ya kifo. Mtoto aliyefariki nyumbani saa mbili kabla ya mama kufika kituoni ataonekana mzima na kuandikwa FSB, ingawa mkunga hakupata nafasi ya kumwokoa. Kinyume chake, mtoto aliyefariki mwanzoni mwa uchungu uliorefuka kutwa kucha mbele ya watoa huduma anaweza kuandikwa MSB.

Juu ya ugumu huo wa kimwili kuna ugumu wa kibinadamu. Tanzania ina utaratibu wa kupitia vifo vitokanavyo na uzazi na vya watoto wachanga, wakiwamo wafu, na mwongozo wake ulitolewa upya mwaka 2015. Lengo lake ni kujifunza, si kuadhibu. Lakini pale mkunga anapoamini kuwa FSB itamletea maswali na MSB haitamletea, mfumo umemweka katika mtihani. Mwandishi wa rejesta ndiye pia anayeweza kulaumiwa na kile anachokiandika. Kupuuza mgongano huo ni kosa la mbinu za utafiti. Kumlaumu mkunga peke yake ni kosa la aina nyingine.

Dawa ya utata huu ni rahisi kuliko inavyodhaniwa: kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto mama anapopokelewa, na kuyaandika. Yakisikika wakati wa kupokelewa kisha mtoto akazaliwa mfu, kifo kilitokea kituoni. Yasiposikika, kilitokea kabla. Taarifa hiyo inapaswa kupanda pamoja na jumla ya mwezi badala ya kuishia kwenye karatasi za wodini.

6.0 Uamuzi wa nne: kifo kihesabiwe wapi?

MTUHA huhesabu tukio mahali lilipotokea, si mahali mama anapoishi. Mfano mwingine wa kubuni utasaidia. Hospitali moja ina vizazi 5,000 na watoto wafu 150, yaani 30 kwa 1,000. Zahanati zinazoizunguka zina vizazi 10,000 na watoto wafu 50, yaani 5 kwa 1,000. Msomaji wa haraka ataona kuwa hospitali ni mahali pa hatari na zahanati ni mahali salama. Lakini ikiwa 90 kati ya wale 150 walifika wakiwa wamekwisha kufa, wakiwa rufaa kutoka zahanati hizohizo, basi hospitali imekuwa mahali pa kuandikia vifo vya wengine.

Tatizo hili huwa kubwa zaidi pale mipaka yenyewe inapohama. Mwaka 2012 Mkoa wa Geita ulianzishwa kwa kuunganisha maeneo yaliyokuwa ya Mwanza, Bukombe iliyokuwa ya Shinyanga na Chato iliyokuwa ya Kagera. Wakati huohuo Bariadi, Maswa na Meatu ziliondoka Shinyanga na kuingia Simiyu. Mtafiti anayechora mstari wa mwenendo wa “Shinyanga” kutoka 2005 hadi 2020 anachora mikoa miwili tofauti yenye jina moja.

Watu nao wanahama. Kati ya sensa ya 2012 na ya 2022, Geita iliongezeka kutoka watu 1,739,530 hadi 2,977,608, ongezeko la asilimia 71. Shinyanga iliongezeka kutoka 1,534,808 hadi 2,241,299, asilimia 46. Sehemu ya mwendo huo hufuata dhahabu: rashi inapozuka, kaya huhamia kwenye machimbo mapya na kuondoka yanapokauka. Mjamzito anaweza kuanza kliniki wilaya moja, kupoteza mtoto katika wilaya nyingine na kuhojiwa na watafiti wa kaya katika wilaya ya tatu.

7.0 Kinachopotea: swali la zebaki

Katika mialo ya kuchenjulia dhahabu, zebaki huchanganywa na mchanga uliosagwa kwenye karasha, kisha huchomwa ili dhahabu ibaki. Wanawake hufanya kazi hizo au huishi karibu nazo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020. Kabla ya hapo, kati ya 2015 na 2017, watafiti walifuatilia wajawazito katika jamii za wachimbaji wadogo kaskazini-magharibi mwa nchi, wakapima zebaki na aseniki mwilini mwao, na wakaona uhusiano kati ya sumu hizo na matokeo mabaya ya ujauzito, kuzaa mtoto mfu kukiwamo.

Utafiti huo uliwezekana kwa sababu kila mama alifuatiliwa mmoja mmoja. Takwimu za kawaida zisingeweza kuuliza swali hilo. Jumla inayofika wilayani haisemi kama mama aliishi mita 50 kutoka kwenye mwalo au kilomita 50. Mimba iliyotoka wiki ya 26 haimo. Mtoto aliyedumaa akawa na gramu 900 huenda hayumo. Mama aliyehamia rashi nyingine ameandikwa kwingine. Hivyo basi, ofisa anayesema kuwa takwimu za mkoa hazionyeshi madhara ya zebaki kwa watoto walio tumboni anaweza kuwa anasema kweli, na bado asiwe amethibitisha lolote. Kutoonekana katika chombo kisichoweza kuona si ushahidi wa kutokuwapo.

8.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kuwa tarakimu ya watoto wafu hupita katika maamuzi manne kabla ya kumfikia msomaji, na kwamba kila uamuzi unaweza kuboreshwa bila gharama kubwa. Kila aliyezaliwa apimwe uzito, awe hai au mfu, na umri wa mimba uandikwe pamoja na namna ulivyokadiriwa. Mapigo ya moyo wakati wa kupokelewa yapande na taarifa ya mwezi. Makazi ya mama yaandikwe kwa kijiji na yasipotee katika kujumlisha. Watoto wafu na vifo vya siku ya kwanza visomwe pamoja. Na Kiswahili cha rejesta kisanifiwe: vifupisho vya kigeni vipewe istilahi ambazo mkunga, mratibu wa takwimu na mama mwenyewe watazielewa kwa maana ileile. Hilo ni jukumu la wanaisimu kama lilivyo la wataalamu wa afya.

Mama wa Nyarugusu au wa Kishapu aliyemzaa mtoto ambaye hakulia haombi takwimu. Anachouliza, pale anapopata wa kumwuliza, ni kwa nini. Jibu lake linaanzia kwenye mstari mmoja wa Kitabu namba 12, na ubora wa mstari huo ndio utakaoamua kama mwanamke atakayelazwa kwenye kitanda hichohicho baada yake atanufaika na jibu hilo.